Uzio Uliopinda wa Manowari ya Baba

Mwaka mmoja umekatika tangu ulipotuacha, Baba, Mzee Muchiri, kinyozi wa hapa Kitale. Tulitaka tangazo hili la kumbukumbu liwe la maneno ya upole tu. Tumeshindwa. Utatusamehe, maana unajua hasira hii tuliirithi kwa nani.

Tuanze na mazuri. Ulinyoa vichwa vya mji huu mpaka wateja wako wakakuletea wajukuu wao. Mtoto anayeanza shule hakulipa kwako. Mkono wako wa kulia ulikuwa mwepesi hata watu wazima walisinzia kwenye kile kiti. Chai yako ilikuwa na tangawizi ya kukohoza, na redio yako hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kisha kiharusi kikauchukua mkono huo. Ulishindwa hata kufunga kifungo cha shati. Daktari wa mazoezi akasema vidole vipewe kazi ndogondogo, na binti yako Mwihaki, anayeuguza wazee huko Ujerumani, akakutumia boksi. Ndani mlikuwa na manowari ya Wajerumani ya vita vya pili vya dunia, ya plastiki, imekatwa vipande vya kuunganisha kwa gundi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Watu walicheka kwamba mzee amerudia utoto. Mmoja wa kanisani akauliza Mkristo ana haja gani na meli ya vita.

"Hiyo ilizama kitambo," ulimjibu. "Mimi natafuta mkono wangu."

Ulianza na ubavu wa kushoto. Ule uzio mdogo wa pembeni, wa kuzuia mabaharia wasianguke, ulikaa umepinda, huku umeinuka, huku umelala. Ulipofika ubavu wa kulia, uzio ulinyooka. Mtu akiizungusha meli ile aliuona mkono wako ukirudi. Wiki ile ulipoimaliza meli, ulimnyoa mwanao Mbugua, na hukumkata mahali.

Sasa tuseme lililotuudhi. Kwa ajili ya ibada ya kukukumbuka, ndugu yako Munene aliichukua meli bila kuuliza mtu, akaipeleka Bungoma kwa jamaa anayepaka magari rangi. Ikarudi inang'aa kama gari la harusi, jina lako ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Uzio wote wa kushoto ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake pamebandikwa waya ulionyooka. Kanisani watu wakapiga makofi. Mama alisimama akatoka nje.

"Si nimeitengeneza tu, Mama Mwihaki?" Munene alimwambia. "Ilikuwa imejipindapinda. Ati wageni waone vile ndugu yangu alikuwa anashindwa?"

"Hakuwa anashindwa," Mama akamjibu. "Alikuwa anapona. Huko kupona ndiko umekutupa."

Tuliulizia vile vipande. Vilikuwa vimefagiwa pamoja na takataka za gereji. Tunajua Munene alifanya kwa upendo, na hilo halijatupunguzia hasira hata kidogo. Vitu vya marehemu vina wenyewe, na wenyewe huulizwa. Na nyinyi mliopiga makofi, mlikuwa mkishangilia nini?

Mama ameung'oa ule waya. Ndani ya boksi kulibaki vipande vya uzio vya akiba, naye ameanza kuvibandika kwa kibanio chako cha kinyozi. Macho yake si mazuri siku hizi, na mikono inamtetemeka. Kipande cha kwanza kimekaa upande. Mbugua alinyoosha kidole akitaka kukisawazisha, Mama akampiga kofi mkononi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rosaline, wanao Mwihaki na Mbugua, wajukuu wako wote, na ndugu yako Munene, aliyeomba jina lake liwe la mwisho. Siku hizi hupanda gari kutoka Bungoma kila Jumapili kuja kumshikia Mama taa anapofanya kazi, na hagusi kitu.

Hatutakusahau, Baba, wala hatutakunyoosha tena.