Bia ya Mwisho ya Kaka Roman

Mtaa wa Lindquist 418,
Grand Rapids, Michigan.
6 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Leonard,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mguu unaendeleaje? Wamekufungua ile plasta, au bado unaruka na magongo kama ulivyoniambia? Usiukimbize, mfupa una saa yake. Wifi yangu Ngaire hajambo? Na Marama na Ewan, wanasoma vizuri? Huko kwenu kusini mwa dunia sasa joto linaondoka. Huku theluji imekataa kuondoka. Jana tu nimekwangua ngazi za mbele tena.

Mimi ni mzima wa mwili. Habari ya moyo ndiyo inayonikalisha mezani leo.

Kwanza, usijilaumu kwa kutokuja kumzika kaka yetu. Kila mtu kanisani alijua kuwa daktari alikukataza kupanda ndege na mguu ule. Maua yako yalifika, Colette akayaweka karibu kabisa na jeneza la baba yake.

Siku ile kwenye simu uliniuliza kama Roman aliondoka kwa amani, nikakujibu ndiyo. Ni kweli. Ila kuna jambo nililificha nyuma ya ndiyo hiyo, na nimechoka kulibeba.

Unaijua desturi yetu ya Jumamosi. Besiboli ikiisha vuli, tunakusanyika kwenye kiwanda chake kidogo cha bia, ndani ya gereji ile ya zamani ya matairi, na kila Jumamosi Roman anafungua bia mpya hadi siku ya mchezo wa kwanza wa msimu mpya, mwishoni mwa Machi. Kalenda ukutani, kalamu nyekundu, watu wazima wanahesabu majuma kama watoto wanaosubiri Krismasi. Msimu huu alianza na bia nyeusi yenye harufu ya moshi, ikafuata ya cheri za kaskazini. Watu waliisifu hiyo ya cheri mpaka ikaisha.

Jumamosi moja baada ya Krismasi alionja, akaweka glasi chini. "Bernie, haya ni maji." Nilicheka, nikidhani ni utani. Akaonja tena. "Nimesema ni maji." Kumbe miale ya kutibu saratani waliyomchoma kooni ilikuwa imeuua ulimi wake. Chumvi, sukari, vyote vilikuwa sawasawa kwake. Mpishi wa bia wa miaka thelathini, Leonard!

Januari madaktari walimwambia waziwazi kuwa ahesabu majuma, asihesabu miezi. Alirudi nyumbani, akavaa mabuti ya mpira, yeye na Colette wakapika bia ya siku ya mchezo wa kwanza. Alichagua ile ya dhahabu inayolazwa kwenye baridi majuma kumi. Nilimuuliza kwa nini asipike inayoiva upesi. Akasema, "Ikiiva upesi, tutasubiri nini?"

Alihitaji ulimi wa mtu, akachagua wangu. Colette alimsihi atumie wake yeye, maana ndiye mwenye ufundi. Roman akakataa, akamkataza hata kuionja kabla ya siku yenyewe. "Wewe unaonja kama mimi. Nataka mtu asiyejua." Basi mimi, ninayekunywa nusu glasi kwa adabu tu, nikawa ninakwenda kila Jumamosi asubuhi, kabla wenzetu hawajaja. Yeye anakaa kwenye kiti kirefu, blanketi mabegani. Mimi nafungua bomba la tangi, naonja, namweleza.

"Sema," ananiambia.

"Nzuri."

"Nzuri si ladha, Bernie. Ina ladha ya nini?"

"Mkate."

"Mkate gani? Wa dukani au wa Bibi?"

"Wa Bibi. Ganda la chini, lililoungua kidogo."

Alicheka mpaka akakohoa, nikaogopa. Sisi wawili tumekaa mji mmoja maisha yetu yote, lakini hatujawahi kuzungumza kama tulivyozungumza asubuhi zile. Tulimzungumzia hata baba, jambo ambalo unajua lilikuwa gumu kwake. Alinifundisha pia kasoro za bia. Hii ikinuka yai, hii ikiwa chachu. Na ukisikia siagi, alisema, siagi kama ya bisi za sinema, niambie mara moja.

Jumamosi ya kwanza ya Machi niliisikia siagi.

Haikuwa kidogo. Ilinikaa ulimini kama mafuta. Roman alikuwa amekonda hata pete ameihamishia kidole gumba. Nikawaza kwamba nikimwambia, ataimwaga yote, kama alivyomwaga lile tangi zima mwaka wa mafuriko. Kisha atataka kuanza upya, na siku za kuanza upya hana.

"Siagi ipo?" akaniuliza, kana kwamba amenisoma usoni.

"Haipo."

"Una hakika?"

"Safi kabisa, Roman. Hujawahi kupika nzuri kama hii."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka, akayaacha. Akasema, "Basi iache ilale." Hakuja tena kiwandani. Tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, alifariki kitandani kwake, Colette kamshika mkono mmoja na mimi mwingine. Zilibaki siku tisa mchezo wa kwanza uchezwe.

Siku yenyewe theluji ilianguka tangu alfajiri. Watu walikuja hata hivyo, kama arobaini, wamevaa kofia za timu juu ya kofia za baridi. Redio ikawekwa juu ya kaunta. Colette akajaza glasi moja moja, akasema, "Hii ni ya baba," tukanywa. Kila mtu akaitazama glasi yake.

Orville Dykstra, yule kinyozi, unamjua mdomo wake. "Jamani, mimi nitasema. Bia hii ina siagi."

Colette akaonja, akaniangalia. "Shangazi, uliionja mwezi wa tatu. Hukuisikia?"

Nikasema niliisikia. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimdanganya ili asiimwage.

"Asiimwage?" Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Shangazi, siagi haimwagwi. Unalipasha tangi joto kidogo siku nne, hamira yenyewe inaila. Kazi ya siku nne tu. Ndiyo maana baba alikuwa anakuuliza."

Nilishika ukingo wa kaunta. Orville akanisogezea kiti, akainua glasi yake akaimaliza yote. Wengine nao wakamaliza zao. Hakuna aliyeacha tone. Redioni mchezo ukawa umeanza, na sidhani kama kuna aliyeusikiliza.

Jumatatu Colette aliyamwaga mapipa yaliyobaki, kwa sababu bia ikishachujwa hamira haipo tena ya kuila siagi, na baba yake asingeruhusu bia ile imfikie mteja. Nilimwomba anipe mpira wa maji nisafishe sakafu. Yeye alisugua, mimi nikamwagia maji. Tulipomaliza alinikumbatia, mikono yote imelowa.

Leonard, alikufa akiamini kuwa bia yake ni safi, na uso wake ule alipofumba macho sitausahau. Lakini angeweza kupata siku nne kwenye mabuti yake, akilisikiliza tangi, akitukemea sote. Kila usiku nataka kumwomba radhi, na sijui niombe kwa kumpa raha ile au kwa kumnyima kazi yake ya mwisho.

Ukiniandikia, usinifariji haraka. Niambie tu unavyofikiri.

Msalimie sana wifi Ngaire, uwabusu Marama na Ewan kwa niaba yangu. Colette anakusalimu, na Orville anasema nywele zako hakuna anayezijua huko, urudi akunyoe. Mungu auponye mguu wako, aiweke nyumba yako salama, na amlaze kaka yetu pale pasipo maumivu.

Dada yako akupendaye, sasa kuliko zamani,
Bernadine