Kwa Nini Sikupokea Simu Jumanne

Kwako kaka yangu Casimir,

Pokea salamu za dada yako, na uzipokee ukiwa umekaa, maana najua umevimba kwa hasira. Hali yako? Goti je, joto la Florida limelituliza? Mimi ni mzima, ila miguu inanilalamikia kila nikitoka jikoni kule shuleni. Nakuandikia kwa sababu simu yangu imekufa, na sababu ya kifo chake utaiona huko chini. Afadhali hivyo, maana kwenye simu ungenikatiza.

Jirani yangu Bi Pavlik ameniambia ulivyomfokea kwamba dada yako amekufa na majirani wanatazama tu. Sijafa, kaka. Jumanne jioni nilikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi, nawatazama kwenye televisheni Wahunzi, timu yetu, wakicheza besiboli ugenini. Na aliyekuwa akirusha mpira ni Lindqvist.

Ndiyo, huyo huyo. Sijasahau tulivyomsema siku ya Pasaka. Bwana Thurlow, meneja wa timu, na wenzake wa ofisini waliwauza vijana wetu wote wenye kujua kupiga, wakatuletea mrushaji mmoja wa mamilioni, mkono wa dhahabu, ambaye msimu wa kwanza aliumalizia hospitalini. Wamenunua paa la dhahabu, ulisema, na nyumba haina kuta. Ukaitupa kofia yako kwenye pipa la taka, ukaapa hutatazama, hutasikiliza wala hutaukanyaga mji huu maadamu Thurlow yuko kazini. Na kweli ukahamia kwa binti yako. Tangu hapo koti langu ndilo linalokaa kwenye kiti chako uwanjani, na koti halijui kuzomea. Nimekukosa, Casimir.

Basi, ilipofika awamu ya tano kati ya tisa nikagundua kwamba hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wa Lindqvist akafika kituoni, na mrushaji akimaliza mchezo hivyo ni maajabu ya miaka. Miiko yetu unaijua: jambo hilo halitajwi mpaka mchezo uishe, lisije likaharibika, na ulivyokaa ndivyo utakavyobaki. Maji yalikuwa yameshapoa. Nikaiacha miguu humo humo.

Ndipo simu ikaanza kulia. Nilijua ni wewe, hakuna mwingine anayeiacha ilie namna ile. Nikajiambia, kuna mtu amempasha habari, naye ataropoka. Si wewe uliyelitaja mbele ya baba tulipokuwa wadogo, mpira uliofuata ukapigwa ukavuka ukuta, na baba hakukusemesha wiki nzima? Sikupokea. Ukapiga tena na tena, kisha ukampigia Bi Pavlik.

Akaja kugonga. Sikufungua. Akachungulia dirishani, akaniona nimekodoa macho, sitikisiki, akadhani nimepooza, akawaita zimamoto. Muda si muda wakauvunja mlango wangu. Mkubwa wao, Hutchins, akaniuliza kama namsikia. Nikamwonyesha televisheni kwa kidole. Akatazama, akavua kofia yake ya kazi, akawanong'oneza wenzake wasisogee, kila mtu abaki alipo. Bi Pavlik, ambaye besiboli haijui kabisa, akaja juu: "Jamani, mgonjwa mnamwacha hivi hivi?" Hutchins akamjibu taratibu, "Mama, ugonjwa wake tunaujua. Nyamaza kwanza."

Awamu ya tisa, amebaki mpigaji mmoja tu. Nani anatoka kibandani? Kocha, anakuja kumtoa Lindqvist! Eti mkono wa mamilioni umetimiza mipira uliyopangiwa na ofisi, usije ukachoka. Nilimtukana Thurlow kwa Kipolandi, kwa maneno ambayo bibi alikuwa akifukuzia mbwa. Hutchins naye: "We mzee, rudi ukakae! Umeitwa na nani?" Lindqvist akauficha mpira nyuma ya mgongo, akatikisa kichwa. Kocha akamtazama, akarudi zake. Mpigaji wa mwisho akaukosa mpira mara tatu, na kazi ikaisha. Hutchins alimbusu Bi Pavlik kwenye paji la uso, beseni likapinduka, na mimi nikalia kwa furaha kwa ajili ya mtu niliyemzomea msimu mzima.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Ulipopiga mara ya mwisho, zimamoto wakiwa wameshajaa sebuleni, simu ilipokelewa na hakuna aliyesema kitu. Ulimwambia Bi Pavlik laini ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Kocha alipogeuka kurudi, nilishindwa kuvumilia peke yangu, nikainua simu, nikaiweka sikioni, nikanyamaza, mpaka tuliposhangilia ikaniponyoka ikaangukia majini. Nilingoja uropoke. Hukuropoka. Nilisikia unapumua. Na nyuma yako, kaka yangu uliyeapa, nikaisikia sauti ya mtangazaji wetu wa redio, mzee yule yule wa siku zote, akilitaja jina la Lindqvist.

Kwa hiyo hukupiga kuuliza kama niko hai. Nawe ulishindwa kuvumilia peke yako. Na safari hii hukulitaja. Baba angekupa mkono.

Msalimie binti yako na watoto wake. Bi Pavlik anakusalimu, na Hutchins, aliyerudi mwenyewe kunifungia mlango mpya, anasema angependa kumwona mtu ambaye simu zake zilifanya zimamoto waitwe kwa ajili ya beseni. Thurlow bado yuko ofisini na bado hajui kitu, ila kumzomea peke yangu kumenichosha. Jumamosi ijayo tunacheza nyumbani. Kofia yako niliitoa pipani siku ile ile ya Pasaka. Sijaifua.

Ni mimi dada yako, mwenye miguu safi kuliko wote mjini,

Bernadine