Paji la Uso la Bibi Yako

Mpendwa Nekesa,

Huku Bungoma tu wazima. Mahindi yamebeba vizuri, na bibi yako anakusalimu huku akinikataza kukuandikia siasa. Nimekubali shingo upande.

Umeniuliza: ikiwa kompyuta yenu imeshaonyesha kwamba protini ya hamira inafanana na ya binadamu, kwa nini mhangaike kulinganisha pia protini ambazo kila moja inashirikiana nazo? Kwa sababu sura hudanganya, mjukuu wangu, na anayebisha mlete kwangu!

Siku tulipoenda Kitale kumposa bibi yako, baba yangu mdogo alimkodolea macho, akapaza sauti: "Huyu ni wetu! Tazameni paji la uso, ni la dada yangu huyu!" Kwetu, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Nilisimama nibishane, shangazi mwenye paji lile akanivuta shati.

"Kaa, bwana harusi. Kelele si ushahidi."

Akaketi na mama mkwe wangu, wakafuatilia kila babu: alioa wapi, wajomba zake ni nani, alitahiriwa pamoja na kina nani. Walipoweka ukoo wetu kando ya ukoo wao, hawakupata mtu hata mmoja aliyetuunganisha.

"Paji ni paji tu," shangazi akasema. "Leteni chai, bana."

Mwaka uliofuata tukampata mama yako. Basi fuatilia mahusiano hayo ya protini bila haraka, na mwalimu wako akilalamika, mwambie bila kazi kama hiyo usingezaliwa.

Babu yako