Kwa Wote Wanaolala Kanisani

Guangzhou, Alhamisi

Papa mpendwa,

Nakuamkia kwa jina la Bwana. Kifua cha Mama kimepungua? Na wale wakimbizi wanaolala kanisani kwako, wameongezeka? Simu yako haipatikani tangu wiki iliyopita. Kila mara nainuka kuangalia kama umepiga, hadi Mama Mdogo amenificha simu kwenye mkoba wake. Barua hii inaletwa na jirani yetu anayeruka kesho kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun.

Mimi ni mzima. Namsaidia Mama Mdogo kununua mikoba kule soko la Shiling na kuifunga. Lakini situlii, Papa. Kuna jambo nimefanya.

Jumapili baada ya ibada, sisi Wakongomani tunaosali pamoja hapa tulikusanya mablanketi ya kupeleka kanisani kwako. Mengi aliyatoa Mzee Bahati, yule anayenisogezea kitabu chake cha nyimbo kwa kuwa mimi sina. Wakanipa kalamu ya wino mzito niandike kwenye magunia tuliyoyafungia, eti mwandiko wangu ni mzuri na sina maneno mengi.

"Andika: kwa watu wa bondeni," Mzee Bahati akasema. "Wa bondeni tu. Wa milimani walimuua ndugu yangu. Blanketi langu lisimfunike hata mmoja wao."

Wote wakaitikia amina. Nilitaka kuwaeleza zamu ulizopanga jikoni: wa milimani wanawapikia wa bondeni, wa bondeni wanawapikia wa milimani, na hakuna ruhusa ya kujipikia. Nilitaka kuwaeleza siku askari walipotaka wa milimani watolewe nje, nawe ukasimama mlangoni na joho lako. Badala yake nikayainamia magunia. Nikaandika kwenye kila gunia: KWA WOTE WANAOLALA KANISANI. Kisha nikayapanga, maandishi yakatazama ukuta.

Jana kontena la mablanketi liliondoka bandari ya Nansha. Ndipo nikamwambia Mama Mdogo. Akapiga makofi.

"Wewe! Mdomo huna, kumbe kalamu unayo! Sasa mzee wa watu utamwambia nini?"

Nilidhani nimefanya kama wewe, Papa. Lakini wewe uliwaambia askari usoni, mimi nimemficha Mzee Bahati maandishi, naye anamlilia ndugu yake kweli. Sasa unajua mwenye mablanketi alitaka nini. Yakifika, amua wewe, usifuate maandishi yangu.

Jumapili nitasimama niseme mbele ya wote. Nimejaribu mbele ya kioo, nikaishia "Bwana asifiwe".

Msalimie Mama, na Bibi aliyenisuka siku ya safari, na mdogo wangu wa mwisho, asichane madaftari yangu. Wasalimie wapishi wa zamu zote mbili.

Niombee. Nikishasema nitarudi kukaa karibu na Mzee Bahati, palepale, hata asiponisogezea kitabu. Nyimbo nyingi nimeshazishika kichwani.

Binti yako anayekuwaza,
Neema