Jiwe la Kusugulia Visigino

Jumanne, Munyaka

Kumbe si jiwe hata kidogo.

Nililiokota ufuoni Diani tulipopeleka wanafunzi ziara. Zito, limejikunja kama ngumi, upande mmoja unakwaruza. Mama mkwe wangu akalipeleka bafuni bila kuniuliza. Kwao Soy, jiwe la aina hiyo ni la kusugulia visigino, basi.

Tangu hapo anajifungia humo asubuhi na jioni, na namsikia akiongea polepole. Juzi aliniambia, "Mama Chebet, hii jiwe yako inasikiza." Nilikasirika. Nilidhani ananitafutia maneno, vile amezoea.

Leo nimemwonyesha mwalimu wa biolojia picha ya hilo jiwe. Akaitazama, akasema: "Madam, huo ni mfupa. Ni sikio la nyangumi, ile sehemu ya ndani."

Nimefika nyumbani, nikalikuta mezani pangu, limefungwa kwa leso. Mama mkwe akasema, "Nimemaliza. Yale yote siwezi kukuambia, nimeiambia."

Hakuna mtu amemwambia ni sikio.

Limelala hapa kando ya daftari. Linajua yote anayofikiria juu yangu, na ni mimi nililibeba kutoka baharini.