Shati la Baba Bustanini

Dada yangu,

Barua hii inatangulia na dereva wa basi, maana ana kwa ana nitakosa maneno.

Nipo bustani ya mji wa njiani. Nimeshainuka kwenye benchi mara nne nirudi nilikotoka, nikakaa tena. Hapa hawatupi kitu: maji ya kunawa yanamwagilia maua, na nguo kuukuu za pamba zinalazwa kwenye mashina ya miche ili udongo usikauke. Mama mtunza bustani akaniuliza, “Mwanangu, huna hata tambara kwenye hilo begi?”

Nikampa shati la marehemu baba, lile alilolisahau kwangu, ulilosema nikuletee. Nilichoka kulibeba, dada, na kila ndugu kwenye simu ananiuliza kwa nini sikuja kuzika.

Nilipofika getini moyo ukanisuta, nikarudi mbio.  Yule mama alilichomoa mcheni, akanikabidhi.

Ninalo mapajani, limelowa, lina udongo. Nimeupukuta kwa vidole, nikaurudisha kwenye shimo la mche kidogo kidogo, kama mlivyofanya nyinyi siku ile ya maziko.

Nafuata na basi la saa kumi. Nikifika, usilifue kwanza.

Mdogo wako,
Kitindamimba