Hesabu Mpaka Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Vituo thelathini na nane vya kukusanya maziwa. Kila kituo kina mizani, tangi la kupozea, na kisanduku cheusi ukubwa wa kamusi. Kisanduku kinasoma joto la tangi na kulipeleka kwenye wingu. Wingu ni kompyuta za watu, ziko ng'ambo, tunazikodi. Joto likipanda, wingu linapiga kelele kwenye simu ya karani wa kituo. Yaani karani anakaa hatua kumi kutoka kwenye tangi, lakini habari za tangi zinavuka bahari kwanza ndipo zimfikie! Zamani kulikuwa na kengele ukutani. Tuliing'oa. Pendekezo niliandika mimi — kurasa kumi na nne, na michoro ya rangi.

Wiki hii meneja anataka nifunge milango yote isiyotumika kwenye visanduku, wezi wa mtandaoni wasipite. Mama mkwe kasikia "milango thelathini na nane" akauliza kama ofisi imenipa seremala.

Sheria yangu ni moja. Kabla ya kugusa kisanduku cha mbali, kiambie: dakika kumi zikipita hujanisikia, jizime, jiwashe, rudi ulivyokuwa. Ukiboronga, kinakuokoa. Nimewafundisha wenzangu wote. Nimeibandika ukutani kwa herufi kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Thelathini na saba tayari. Vyote kwa dakika zake kumi.

Kilibaki kituo cha kumi na tisa, saa kumi jioni. Mume wangu akawa nje anapiga honi. Ni mwalimu wa udereva. Ananipitia na gari la mafunzo, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Mbele ya ofisi yetu hairuhusiwi kusimama, na mwanafunzi wa leo bado hajui kurudi nyuma. Honi tena! Nikasema, ah, hiki kimoja tu, dakika kumi za nini? Nikafunga milango. Nikafunga na ule nilioingilia.

Kimya. Nimejifungia nje, ufunguo umebaki ndani.

Dawa yake ni ndogo: mtu achomoe waya wa umeme, aurudishe. Nikampigia karani wa pale, mama mmoja wa makamo, wote tunamwita Bi Mizani. Iliita, hakupokea. Namba ya mlinzi ninayo. Lakini mlinzi huandika kila kitu kwenye daftari la zamu, na meneja hulisoma.

Wingu likaleta ujumbe: kituo cha 19 hakisikiki. Nikalijibu: matengenezo. Likanyamaza. Nikasema mpaka asubuhi tu, tangi lenyewe zima, litaharibika nini? Njiani mwanafunzi alizima gari mara nne.

Jumatano, 5 Machi

Saa moja asubuhi Bi Mizani kapokea. Nikamwambia achomoe waya wa kisanduku.

"Nichomoe? Si mlituambia atakayegusa atawatambua?"

Mama, leo nimekuruhusu mimi. Chomoa, hesabu mpaka thelathini, chomeka. Akahesabu kwa sauti, taratibu, kama anahesabu madumu. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Taa zikawaka. Nikamshukuru sana. Nikajisikia fundi.

Dakika mbili baadaye kisanduku kikaleta joto la tangi: nyuzi kumi na tisa. Zinatakiwa nne!

Mota ya tangi ilikufa jana jioni, baada ya watu kuondoka. Kisanduku kiliona. Kikapiga kelele usiku kucha, na milango yote nimeifunga mimi. Lita elfu mbili na mia nne. Bi Mizani kazimwaga mtaroni, wafugaji wakiwa wamesimama na madumu ya leo wanamtazama. Kanieleza mwenyewe kwa simu. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Maziwa hata kuyakaribia huwezi, yananuka.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja kaita watu wa mifumo. Ana karatasi, na furaha ya mtu aliyepata jibu mapema. Kumbukumbu za kisanduku zinaonyesha umeme wake ulikatwa kwa mkono saa moja na dakika kumi asubuhi. Basi, kasema, karani ndiye aliyekichezea.

Nikasema mawasiliano yalikatika tangu jana yake saa kumi.

"Si ndiyo! Juzi kachomoa achaji simu, jana kaona mambo yameharibika, kachomoa tena, karudisha."

Kumbukumbu za Jumanne ndani ya kisanduku zilifutika kilipozimwa. Nilichofanya mimi kimebaki kwenye wingu peke yake, na anayelifungua wingu ni mimi. Nilifungua mdomo. Meneja akadhani napiga miayo, akaahirisha kikao tukanywe chai.

Jioni Bi Mizani kanipigia. Wamemhoji kwa simu. Kawaambia ndiyo, alichomoa. Hakunitaja.

"Nimeona nikikutaja mimi nitaharibu, mwanangu. Mambo ya mitambo siyajui. Wewe utawaeleza vizuri kwa lugha yenu."

Nikasema ndiyo mama. Ndiyo mama! Ulimi huu.

Ijumaa, 7 Machi

Barua pepe ya meneja kwa wafanyakazi wote: pongezi kwangu kwa kurudisha kituo cha kumi na tisa ndani ya dakika kumi na mbili. Watu wamenipigia makofi kwenye korido.

Chini yake, mstari mmoja: karani amesimamishwa kazi mpaka kikao cha Jumatatu. Miaka ishirini na sita pale kituoni.

Sikula mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anakarabati kibao cha "Mwanafunzi" cha gari. Nilisema yote, mpaka lile neno matengenezo.

Hakunilaumu, wala mimi sikumlaumu kuhusu honi, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Kauliza kitu kimoja: huyo mama ana nani nyumbani? Nikasema mumewe hawezi kutembea, wajukuu watatu, anategemewa yeye.

Akasema: "Mwanafunzi wangu akigonga mtu, anayeshuka kwanza ni mimi. Breki ya pili iko miguuni kwangu."

Kisha akaomba bisibisi. Nimemkasirikia mpaka saa hizi. Hajakosea popote, hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika barua kwa meneja. Sentensi tatu. Nimefuta. Nimeandika tena, zikawa tisa, saba zinaeleza kwa nini tangi lenyewe lilikuwa na mota mbovu. Nimefuta.

Mama mkwe kauliza kwa nini naosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia hapahapa kikaoni, nisitazame uso wa mtu. Mwenyekiti ni mkuu wa utumishi, mama mkali wa miwani. Meneja yuko kulia kwake. Mimi nimeitwa kama mtaalamu.

Bi Mizani kaja na gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama. Kanisalimia kwa furaha kabisa. Kaketi upande wangu! Anadhani huku ndiko upande wake.

Meneja kasoma karatasi yake. Saa moja na dakika kumi. Kwa mkono. Kamuuliza: hata kama mtambo ulikuwa umezimwa, kwa nini hukupima tangi kwa kipimajoto, kama makarani wa zamani?

Bi Mizani kasema alikuwa anapima. Jioni na asubuhi, miaka na miaka. Katoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, kampa mwenyekiti. Mistari yote imenyooka, nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi tatu na nusu. Mwenyekiti kafungua ukurasa wa mwisho, kausoma kwa sauti:

"Leo tumefundishwa. Mtaalamu amesema tusijisumbue kupima tena, mtambo utapima. Nimeacha."

Nakumbuka siku ile. Nilivaa koti jipya. Nilisema hivyohivyo, tena nikacheka.

Mwenyekiti kauliza: mtaalamu gani?

Bi Mizani: "Yupo. Na asubuhi ile aliniruhusu yeye kuchomoa. Ila yote ataeleza mwenyewe, anajua kuyapanga."

Meneja kageuka. Mwenyekiti kageuka. Bi Mizani hajageuka, anakunja mfuko wake wa plastiki vizuri, mara mbili, mara nne.

Mimi naandika tu. Nadhani nikiinua kalamu nitalia.

Mwenyekiti anasema vizuri, naona dada wa mitambo muda wote anaandika kumbukumbu za kikao. Anavua miwani. Anasema nisimame, nisome nilichoandika, tangu mwanzo.